Kasuku Wawili kwa Sauti ya Muhonja

Kama umekuja kutafuta hadithi ya kujitisha kidogo kisha ulale, tafuta kwingine. Haya yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Mke wangu bado yu hai. Ukitaka, panda gari uende kwao Likuyani, utamwona akipalilia mahindi ya kaka yake. Lakini usimsemeshe ukitarajia akujibu kwa mdomo. Hana sauti. Aliyeitoa sauti yake ni mimi.

Mimi ni fundi wa redio. Nina kibanda cha mabati Amalemba, na watu huniletea redio, spika za kanisa, siku hizi hata zile spika ndogo za kubeba mkononi. Kazi hiyo inanilisha, sina neno nayo. Lakini si redio zilizokuwa zikinitoa kitandani. Ni ndege. Sikutaka kuwala wala kuwafuga. Nilitaka kuwasikiliza tu na kuzihifadhi sauti zao.

Usicheke. Kila mtu ana lake. Majirani zetu kule karibu na Lubao, wengine wanapenda fahali wa kupigana hadi wanawanywesha uji kabla ya watoto, wengine wanagombana na wake zao kwa ajili ya timu za mpira za Ulaya. Mimi nilichukua dishi dogo la televisheni lililotupwa, nikafunga maikrofoni katikati, nikaiunganisha na rekoda ndogo iliyokuwa ikirekodi mahubiri. Ukilielekeza dishi hilo kwenye mti ulio mbali, uvae hedifoni, unamsikia ndege hata akipangusa mdomo kwenye tawi. Jumamosi nilikuwa nikifunga dishi mgongoni, napanda baiskeli, naingia msituni kungali giza. Lazima iwe alfajiri. Ndege huimba wote pamoja kuanzia saa kumi na moja na nusu, na jua likishapanda wananyamaza, zinabaki pikipiki na mashoka.

Aliyenifundisha msitu ni mzee Lihanda, aliyekuwa akiwaongoza wageni. Alijua kila mlio. Alikuwa na kicheko chembamba kinachokatika katikati, na kila aliponiona natazama juu ya miti alikuwa akiniambia, "Huyu kijana wa redio atakanyaga nyoka siku moja." Miaka miwili kabla ya haya ninayokueleza, mzee Lihanda aliingia msituni asubuhi akiwa mzima, akatoka mchana akiwa bubu. Hospitalini walisema labda ni damu kichwani, ingawa mikono na miguu yake ilikuwa sawa kabisa. Tangu hapo alikuwa akikaa mlangoni kwake, na kila nilipopita na dishi langu alitikisa kichwa na kupiga fimbo chini mara nyingi. Nilidhani ananisalimia. Nilikuwa nikimpungia mkono.

Sasa nikwambie juu ya Muhonja. Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya hapo kwetu, na mwimbishaji wa kwaya kanisani. Akianzisha wimbo, watu waliokuwa bado nje wakifunga baiskeli waliacha kufunga. Watoto wake wa shule alikuwa akiwafundisha kusoma kwa nyimbo alizotunga mwenyewe, na hata jina la mtoto alilisoma kwenye rejista kama mstari wa wimbo. Jioni moja alikuwa akiosha vyombo, akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto ambao alikuwa akimwimbia mwanetu Edu alipokuwa mdogo. Nilisimama nyuma ya mlango nikamrekodi. Sikumwomba. Alipogundua alicheka tu, akasema, "Sasa na mimi umenichanganya na ndege zako?" Nikaiacha sauti yake hapo hapo kwenye rekoda, katikati ya hondohondo na kurumbiza.

Ndege mmoja alikuwa amenishinda. Kasuku. Si yule wa kijani wa kwenye vizimba, la. Kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Wazee wanasema zamani walikuwa wakipita makundi makundi juu ya msitu huu, wakipiga miluzi. Kisha miti mikubwa ikakatwa, mitego ikaja, wakaisha. Sikumjua mtu hata mmoja aliyekuwa amewasikia kwa miaka. Nilimtaka ndege huyo jinsi mtu mwingine anavyotaka shamba la jirani yake. Nilikuwa nikimwota. Muhonja aliniambia nilikuwa nikipiga miluzi usingizini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mvua imenyesha usiku kucha, ukungu umeshuka hadi magotini. Niliketi kwenye gogo, nikavaa hedifoni, nikaelekeza dishi juu. Mbega walikuwa wamekwisha kunguruma, ndege wa kwanza wameanza. Halafu pakawa kimya. Si kimya cha mwewe akipita, maana hicho nakijua, wadudu huendelea. Safari hii hata nyenje walinyamaza. Nikadhani betri imekufa. Nikavua hedifoni, na kumbe kimya kilikuwa huko nje pia.

Mtu alikuwa amesimama hatua tano mbele yangu.

Alikuwa amevaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi, kama mzee anayekwenda kwenye mazishi, lakini miguu mitupu. Mimi suruali yangu ilikuwa imelowa umande hadi mapajani. Yake ilikuwa kavu, na nyasi nyuma yake zilikuwa zimesimama wima kana kwamba hakuna aliyepita.

"Mulembe," akanisalimia, na sauti ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini.

"Mulembe muno, mzee," nikajibu.

Akaniuliza nimekamata nini leo. Hiyo sasa ilikuwa sauti ya bibi kizee. Midomo yake ilikuwa inafunga kabla maneno hayajaisha. Niamini, nilikuwa namtazama, si kwamba nilikuwa mbali. Nikamwambia bado sijapata kitu. Akanyoosha mkono, nikampa hedifoni. Kwa nini nilimpa? Sijui. Labda kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniomba asikilize.

Nikamchezea hondohondo. Akatikisa kichwa. "Huyu ninaye," akasema, kisha akafungua mdomo, na hondohondo akatoka humo, na mvumo wa mbawa zake nao ukatoka. Nikamchezea kurumbiza. Akatikisa kichwa, akamtoa kurumbiza. Sasa ungetarajia niseme kwamba niliogopa. Niliogopa baadaye. Kwanza nililigeuza dishi langu nikamwelekezea yeye, nimrekodi.

Akaona. Akacheka. Na kicheko hicho kilikuwa chembamba, kikakatika katikati.

"Ninao na watu pia," akasema. Kisha, kwa sauti ya mzee Lihanda, ile ile, na kile kikohozi chake kidogo cha ugoro: "Huyu kijana wa redio atakanyaga nyoka siku moja."

Nataka ukae na hilo kidogo. Pale ndipo nilipojua. Nilijua kwa nini mzee Lihanda amekaa mlangoni miaka miwili. Nilijua fimbo ile ilikuwa ikiniambia nini.

Nikataka kurudishiwa hedifoni zangu, lakini yeye alikuwa ameishika rekoda, anabonyeza, anapitisha ndege mmoja baada ya mwingine bila kusikiliza, mpaka akafika kwa Muhonja. Hapo kidole kikasimama. Akausikiliza wimbo ule mpaka mwisho, macho ameyafumba. Nikasikia kwa mbali, kutoka kwenye hedifoni, sufuria ikigongana na sahani. Ulipoisha, alilamba midomo polepole kama mtu aliyeonja mchuzi wa ingokho, kuku wa kienyeji.

"Hii sina," akasema. "Ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Nipe. Mimi nitakupa kasuku."

Watu wachache wa mbali niliowahi kuwaeleza kisa hiki hunikatiza hapa. Wananiambia, lakini hukujua, ulidhani ni rekodi tu. Wewe usinitetee. Ni kweli nilijiambia kwamba ni rekodi tu, kwamba mtu hawezi kupungukiwa kwa sababu rekodi yake imesikilizwa. Lakini nilijiambia hivyo huku kicheko cha mzee Lihanda kikiwa bado masikioni mwangu. Nilijua, na nilimtaka kasuku.

"Chukua," nikasema.

Hakuchukua kitu. Alinirudishia hedifoni na rekoda, akageuka, akanionyesha nimfuate. Tulitembea labda dakika kumi, mahali ambapo sijawahi kupaona tena ingawa nimepatafuta, mpaka chini ya mti mkubwa ambao juu yake ulikuwa umekauka. Akanyoosha kidole. Kisha wakaja. Wawili, wa rangi ya jivu, mikia myekundu kama makaa yaliyopulizwa. Wakatua juu kabisa wakaanza kuongea, miluzi na mikwaruzo, huyu anauliza yule anajibu. Nilirekodi dakika kumi na moja. Machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha. Waliporuka niligeuka nimshukuru yule mtu, nikakuta hayupo, na nyenje wanalia kama kawaida.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi juu ya baiskeli.

Muhonja alikuwa nje anaanika nguo. Aliponiona alifungua mdomo kunikaribisha, na hakukutoka kitu. Akashika koo, akajaribu tena. Akanitazama akitabasamu, kana kwamba ni mzaha wa mafua. Nami nikatabasamu. Nikamwambia anywe maji ya moto na tangawizi. Mchana alijaribu tena, na jioni, na kesho yake. Hata kikohozi chake hakikuwa na mlio. Umewahi kumwona mtu mzima akilia kwa nguvu zake zote, mabega yanatikisika, na usisikie hata pumzi? Mimi nimeona. Nilikuwa nimemshika.

Madaktari walimulika koo lake, wakapiga picha, wakasema hawaoni kasoro. Mchungaji aliomba naye siku tatu. Shuleni, mwalimu mkuu alimvumilia muhula mmoja: Muhonja alikuwa akifundisha kwa kengele na chaki, lakini watoto wa darasa la kwanza hawajui kusoma ubaoni, ndicho walichokuja kujifunza. Akahamishiwa stoo ya vitabu. Kwenye kwaya alikuwa akienda bado, anasimama mstari wa nyuma, anafungua mdomo pamoja na wengine. Jumapili Edu alipopiga simu kutoka Nairobi, mama yake aliweka simu sikioni na kugonga kioo kwa ukucha. Mara moja maana yake ndiyo, mara mbili hapana. Walizoea hivyo. Siku moja nilimsikia Edu akimwuliza kama anaumwa mahali, ukucha ukagonga mara mbili, kisha ukabaki hewani kwa muda mrefu.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nikifunga mlango wa kibanda pale Amalemba nawasikiliza kasuku wangu. Nisikufiche. Walikuwa wazuri. Hata katika majuto yangu walikuwa wazuri, na niliwasikiliza kila siku.

Wiki tatu baada ya siku ile ya kasuku nilirudi msituni. Nilikuwa nimejipanga: nitampa rekoda yote, kila kitu, anirudishie. Nikaketi kwenye gogo lile lile. Nyenje wakanyamaza. Safari hii sikumwona. Ilikuja sauti tu, nyuma yangu, karibu na shingo.

"Baba Edu, umerudi?"

Ilikuwa yeye. Ilikuwa Muhonja wa asubuhi zote za ndoa yetu. Nikasema bila kugeuka kwamba nimeleta kila nilicho nacho, anirudishie ile. Akasema hivyo vyote anavyo. Nikamwambia basi achukue yangu mwenyewe, sauti yangu mimi, iwe badala.

"Yako?" akasema kwa sauti ya mke wangu, na hakukuwa na mzaha ndani yake, alikuwa anauliza kweli. "Yako ni ya kazi gani?"

Kisha akaniambia bei. Nimletee ya Edu. Edu naye anaimba, akasema, amesikia kwenye damu ya mama yake. Nimletee ya Edu, nirudi nyumbani nimkute mke wangu anaimba.

Kwenye simu yangu nilikuwa na ujumbe wa sauti wa Edu, wa siku yake ya kuzaliwa. Nilikuwa na simu mfukoni. Nilikimbia, ndiyo, nilikimbia hadi nikaacha dishi langu pale chini na halijaonekana tena. Lakini kabla ya kukimbia nilisimama, nikapima. Nilimpima mwanangu na mke wangu, kama mtu anayepima maharagwe. Mungu aliniona nikipima.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia yamekwisha, kwamba yule ameshiba na sisi tumeshazoea. Kumbe sauti ikishatolewa haikai bure. Inafanyiwa kazi.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Blessing, wa miaka saba, mwanafunzi wa Muhonja kabla hajahamishwa stoo. Baba yake ni Shikuku, anauza ng'ombe sokoni Lubao. Ijumaa moja alasiri Blessing alikwenda na nyanya yake kuokota kuni ukingoni mwa msitu. Nyanya aliinama kufunga mzigo, alipoinuka mtoto hayupo. Tulimtafuta sote, nami nikiwemo, mpaka giza, tukarudi alfajiri. Alipatikana Jumamosi mchana kando ya mto, amezama kwenye matope hadi kiunoni, midomo imepasuka, mguu mmoja umevunjika mahali pawili. Alikuwa hai. Mguu huo haukupona vizuri, na hata leo anachechemea.

Alipoweza kuongea walimwuliza kilichomtoa kwa nyanya yake. Akasema Mwalimu Muhonja alikuwa akiita rejista kule ndani ya miti, kwa wimbo, kama zamani. Akaita jina lake. Alipokwama kwenye matope alimwambia mwalimu kwamba hawezi kufika, mguu umevunjika. Mwalimu akamwambia, "Njoo tu, Blessing, njoo tu." Usiku kucha.

Jumapili baada ya ibada walikuja. Walijaa uani kwetu, watu ambao nimewatengenezea redio, wanakwaya bado na sare zao, mzee wa mtaa mbele, Shikuku ubavuni mwake. Muhonja alitoka na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Hakujua wamekuja kwa nini. Alikuwa ameweka sufuria ya uji jikoni ampelekee Blessing.

Shikuku hakupaza sauti. "Mwalimu," akasema, "tunajua unasema huongei. Lakini mtoto wangu alikusikia, na sauti yako anaijua."

Muhonja alitikisa kichwa, akaingia ndani mbio, akatoka na daftari na penseli, akaandika kwamba Ijumaa alikuwa stoo ya vitabu hadi saa kumi na moja, wamwulize mwalimu mkuu. Lilipopitishwa, watu hawakulisoma. Mtu nyuma akasema anayejifanya bubu mchana ndiye anayeimba jioni. Mwingine akauliza kwa nini madaktari hawakuona ugonjwa. Nikaona lile neno likipita mdomo hadi mdomo kabla halijasemwa wazi: mchawi.

Mzee wa mtaa akainua mkono, wakanyamaza. Akanigeukia mimi.

"Baba Edu," akasema, "wewe ndiye unaishi naye. Huyu mama anaongeanga kwa siri ama haongei? Kama kuna kitu unajua juu ya hii maneno, sema sasa. Tutakusikiliza."

Wote wakanitazama. Muhonja naye akanitazama. Hakuonekana na hofu. Alikuwa ananisubiri tu, kama mtu anayejua kwamba mumewe ameshika mwavuli na sasa ataufungua. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Yule mtu wa suti ya kahawia, mzee Lihanda, kasuku. Nikaona jinsi watakavyonigeukia. Nikaziona nyuso zao zikitoka kwake zikija kwangu. Nikasema:

"Mimi sijui."

Kilichofuata hakikuchukua muda. Mwanamke aliyekuwa akiimba pembeni ya Muhonja kwa miaka tisa ndiye aliyemvua kile kitambaa. Mwingine akampiga kofi, na mwingine. Walichinja kuku wetu wote wakawaacha uani. Jiwe likapita dirishani. Uji wa Blessing ukamwagwa mlangoni. Muhonja alianguka kwa magoti, akafungua mdomo wake wazi kabisa, na sote tukatazama mdomo ule usiotoa kitu. Kuna waliocheka. Wakasema tazama anavyojua kuigiza. Mzee wa mtaa ndiye aliyewazuia, akampa mpaka jua lizame awe ameondoka.

Kaka yake alikuwa njiani na pikapu kutoka Likuyani. Tulikaa ndani tukimsubiri, Muhonja akikunja nguo, jicho moja limevimba limefunga. Ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote tangu gogo hadi kasuku, hadi simu iliyokuwa mfukoni. Kwa nini wakati huo? Nadhani nilitaka nipunguziwe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja.

Kisha akachukua daftari. Nilidhani ataniuliza kama inaweza kurudishwa. Nilidhani ataandika tusi, na ningelipokea kwa mikono miwili. Aliandika mstari mmoja, akanigeuzia nisome:

"Yangu ilichukuliwa. Yako leo ilikuwa wapi?"

Akalifunga daftari, akalitia mfukoni, akainua begi. Pikapu ilikuwa imeshafika.

Hajarudi. Edu alikwenda kumwona, na tangu siku ile simu yangu haipokei. Mzee Lihanda alikufa mwaka uliofuata, na nilisimama nyuma kabisa kwenye mazishi yake. Shikuku hunisalimia vizuri sokoni na kunipa pole kwa kuoa mchawi bila kujua. Nami humwambia asante. Hebu fikiria, namwambia asante. Wapenzi wa ndege waliposikia kwamba nina kasuku wa kijivu, walikuja watatu na vifaa vya maana, wakasikiliza, mmoja akalia. Waliniuliza ni wapi, nikawaambia nimesahau. Rekodi ninayo. Bado ni nzuri.

Kina mama wanaookota kuni sasa hawaendi chini ya watatu, na wamekubaliana hakuna kuitana majina huko ndani, wala kuitikia. Wanasema yuko mwanamke anayeimba. Kuna anayesema juzi alisikia wimbo wa kubembeleza mtoto, na sufuria ikigongana na sahani.

Kwa hiyo wewe unayependa kitu, kiwe ndege, kiwe gitaa, kiwe ushonaji, kiwe chochote kinachokuamsha kabla ya wengine: siku atakapokuja mtu anayekipenda kama wewe, akakuahidi kile ulichokikosa maisha yako yote, tazama ni mali ya nani anayokuomba. Kama si yako, kimbia kabla hujapima. Na kama umeshatoa, kama mimi, basi watu watakapojaa uani wakuulize unajua nini, fungua mdomo hapo hapo, hata kama ndiyo mara yako ya mwisho kuufungua. Mimi niliulizwa mbele ya watu wote nikasema sijui. Leo ninakueleza wewe, ambaye hukuniuliza.